Kuchagua darubini ya Ruaha, Kitulo na misitu ya Rungwe: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Naishi Iringa mjini na kazi yangu ni kuongoza wageni. Miezi ya kiangazi niko hifadhi ya Ruaha, na kipindi cha maua, kati ya Desemba na Aprili, napanda hifadhi ya Kitulo na kushukia Rungwe. Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha na kuniuliza anunue darubini gani: wanafunzi wa vyuo vya utalii, walimu wanaopeleka watoto hifadhini, madereva wenzangu, hata wazee wanaotaka tu kutazama ndege shambani. Maswali yanafanana, nami naumia nikiona mtu ametoa fedha ya miezi kadhaa akaambulia chombo kinachomuumiza macho. Haya ndiyo majibu ninayowapa.

Zile namba mbili, mfano 8x42, zinasema nini?

Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Twiga aliye mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi za mbele kwa milimita, yaani upana wa dirisha linaloingiza mwanga.

Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia kwenye mboni ya jicho lako. Jua likiwa kali mboni husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo karibu kila darubini inatosha. Giza linapoingia mboni hupanuka: ya kijana inaweza kufika 7, ya mtu wa makamo mara nyingi haizidi 5 sana. Ndiyo maana darubini ya mfukoni ya 8x21, yenye duara la milimita 2.6 tu, inaona vizuri saa sita mchana pale Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha, lakini saa kumi na mbili na nusu jioni, chui anapoanza kushuka mtini, inakuwa kama unachungulia kupitia chandarua cheusi.

Nichukue ya 8 au ya 10?

Kama utanunua moja tu, chukua 8x42. Najua wengi hawapendi jibu hili, kwa sababu 10 inaonekana ni zaidi, na mtu akitoa fedha anataka zaidi. Nisikilize kwanza.

Mkono wa binadamu hautulii. Mapigo ya moyo, pumzi, upepo, injini ya gari ambayo dereva hajaizima, vyote vinaitikisa darubini, na kila kinachokuzwa mara 10 kinatikisika mara 10. Wakati mwingine utasoma namba za bango la mbali vizuri zaidi kwa 8 iliyotulia kuliko kwa 10 inayocheza.

La pili ni upana. Darubini nyingi nzuri za 8x42 zinakuonyesha eneo la upana wa mita 120 hadi 140 ukitazama umbali wa mita 1,000. Za 10x42 mara nyingi ni kama mita 105 hadi 115. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Nenda nayo Kitulo mvua zinaponyesha, wakati mbayuwayu wa buluu wamekuja kuzaliana. Ndege yule anaruka chini chini juu ya nyasi, anakata kona ghafla, na ndani ya sekunde ametoka kwenye duara lako. Mwenye 8 anamfuata. Mwenye 10 anazungusha kichwa huku na huku akiuliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Msituni ni hivyo hivyo. Rungwe na Udzungwa hutazami mbali. Unatazama juu, kwenye matawi, mita 20 au 30, na mwanga ni haba. Huko upana na mwanga ndivyo vinavyokupa mnyama.

Ila siwezi kusema 10 haina kazi. Anayekaa Ruaha zaidi, anayetazama ng'ambo ya mto kutafuta simba waliolala kwenye nyasi za rangi yao wenyewe, au anayetaka kujua kama zile pembe za mbali ni za palahala au za swala korongo, huyo 10x42 itamfaa, hasa akiegemeza viwiko kwenye dirisha la gari. Zaidi ya 10 usichukue kama huna stendi.

Kuna za 60x90 zinauzwa bei nafuu na zina lenzi nyekundu. Zinafaa?

Hazifai. Nami nalijua hilo kwa sababu darubini yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Niliinunua kwenye meza ya barabarani, sitasema wapi. Muuzaji alinielekeza nitazame mnara wa simu, nikaona nati zake, nikalipa. Wiki hiyo hiyo nikaenda nayo Ruaha na familia moja kutoka Dodoma. Mama wa ile familia aliona mkia unaning'inia kwenye mbuyu, akanong'ona, "Kaka, kile ni nini?" Niliinua darubini nikaona mibuyu miwili iliyopandana. Nikakaza macho, nikazungusha fokasi (gurudumu la kunoa picha), kichwa kikaanza kugonga. Nilipoishusha, mkia haukuwepo tena. Nikawaambia huenda lilikuwa tawi. Mpaka leo naamini alikuwa chui, na ile familia ilirudi kwao bila kumwona kwa sababu yangu.

Nilipotulia nyumbani niliipima, nawe unaweza kupima yako. Chukua rula upime upana wa lenzi ya mbele. Yangu iliyoandikwa 90 ilikuwa na milimita 38. Kisha ishike mbali na uso kama sentimita 30, ielekeze kwenye anga jeupe, upime lile duara dogo la mwanga linaloonekana kwenye lenzi ya nyuma. Lilikuwa kama milimita 4. 38 kwa 4 ni 9.5. Kwa hiyo ile "60" ilikuwa inakuza mara 9 na kitu tu! Na hata ingekuwa kweli 60x90, duara lake lingekuwa milimita 1.5 na hakuna mkono wa kuituliza.

Ule wekundu ni utando unaorudisha mwanga mwekundu nje badala ya kuuingiza. Ukirudisha mwekundu nje, kila kitu ndani kinageuka kijanikijani. Hondohondo wa Ruaha mwenye mdomo mwekundu niliwahi kumwona kupitia darubini ile akiwa na mdomo wa kahawia. Mwongoza watalii anayetambua ndege kwa rangi hawezi kufanya kazi na kitu kama hicho. Lenzi nzuri ukiiinamisha kwenye mwanga inaonyesha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na inaonekana nyeusi na yenye kina.

Za kukuza na kupunguza, zenye maandishi kama 10-30x50, nazo ziache. Ni vigumu mno pande mbili kukua sawasawa kwa bei hiyo, na upana wake ni finyu.

Nikiwa dukani nitajuaje kama ni nzuri, na mimi si mtaalamu?

Usitazame ndani ya duka. Omba utoke nayo mlangoni. Ukiwa Mashine Tatu hapa Iringa au Mwanjelwa kule Mbeya, mtaani kuna kila kitu unachohitaji kupimia.

Anza na ukingo wa paa la bati la mbali. Utazame, kisha isogeze darubini taratibu kutoka machoni, sentimita chache. Mstari wa paa unatakiwa ubaki usawa mmoja pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, mabomba hayatazami mahali pamoja, na ubongo wako ndio utakaofanya kazi ya kuyaunganisha siku nzima. Hilo ndilo lililonipa maumivu ya kichwa. Likikutokea rudisha chombo hapo hapo, hata kama muuzaji anakuambia macho yatazoea.

Kisha fanya lile nililoeleza la kuishika mbali na uso na kutazama duara la mwanga. Liwe mviringo kamili. Likiwa limekatwa kingo, lina umbo kama la almasi lenye vivuli vya kijivu, mara nyingi kioo cha ndani ni cha daraja la chini, kile kinachoitwa BK7. Kilicho bora huandikwa BaK-4, lakini maandishi yanaweza kudanganya, duara halidanganyi.

Tafuta kitu cheusi mbele ya anga jeupe: kunguru juu ya nguzo, waya wa umeme. Kama kina ukingo wa zambarau au njano ulio mpana, rangi zinatawanyika. Kidogo kinavumilika, hasa pembeni mwa duara. Katikati kusiwe na kitu.

Tikisa kidogo karibu na sikio, kusigonge kitu. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho. Iende laini, isiwe na sehemu inayokwama wala inayopwaya. Mwisho, ishike mbele ya macho dakika tano nzima bila kuiondoa. Muuzaji atachoka, mwache achoke. Mkono ukiuma sasa, utauma zaidi kwenye mteremko wa Rungwe. Nyingi za 8x42 zina gramu 650 hadi 800. Kama una mikono midogo au unatembea sana, 8x32 ya gramu 500 hivi ni chaguo la heshima kabisa.

Ninavaa miwani. Niivue?

Hapana. Shusha vikombe vya mpira vya nyuma hadi chini uache miwani machoni. Cha kuangalia kabla ya kununua ni umbali ambao jicho linaweza kukaa kutoka lenzi ya nyuma na bado likaona duara zima. Usiwe chini ya milimita 15. 17 au 18 ni raha zaidi. Ukiona duara limekatwa kama unachungulia tundu la ufunguo, hiyo si yako.

Usiyevaa miwani, vikombe vipandishe hadi juu. Wengi hawajui hilo, ndiyo maana wanaona vivuli vyeusi vinacheza machoni.

Kila nikitazama, jicho moja linaona vizuri na lingine kama lina ukungu. Ni mbovu?

Mara tisa kati ya kumi si mbovu, haijapangwa kwa macho yako. Macho ya mtu hayafanani, na karibu kila darubini ina pete ndogo, kwa kawaida kwenye lenzi ya kulia, ya kusawazisha tofauti hiyo.

Kwanza kunja au kunjua mabomba hadi uone duara moja, si mawili. Kisha ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, uzungushe gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione kitu kimoja kwa ukali. Baada ya hapo ziba ya kushoto, usiliguse tena lile gurudumu, zungusha pete ya kulia hadi jicho la kulia lione sawa. Imekwisha. Weka alama ndogo kwa rangi ya kucha mahali pete iliposimama, maana mgeni akiazima ataichezea.

Za prizimu iliyopinda na za bomba lililonyooka zinatofautianaje?

Zile pana, zenye mabega, zinatumia mpangilio wa prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopinda njia ya mwanga, uliobuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro katikati ya karne ya 19. Za bomba lililonyooka ni nyembamba na ni rahisi kuziba dhidi ya maji, ila kuzitengeneza vizuri ni kazi ghali. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo mara nyingi anapata picha bora kwenye ile yenye mabega. Ubaya wake ni kwamba nyingi haziingii mvuani, na kwa nyanda zetu hizo ni habari nzito.

Kitulo na Tukuyu kuna mvua na ukungu. Nizingatie nini?

Hapa usibane matumizi. Kitulo iko kwenye kama mita 2,600 na asubuhi ya Julai nyasi zinaweza kuwa na barafu. Tukuyu nayo mvua yake mnaijua. Tafuta iliyozibwa na kujazwa naitrojeni au agoni. Gesi hizo ni kavu, kwa hiyo ndani hakuna unyevu wa kugeuka ukungu baridi inapokuja. Alama ya IPX7 inamaanisha imejengwa kuvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Elewa tofauti ya ukungu wa nje na wa ndani. Ukitoka nje kwenye baridi ukaingia kwenye gari lililojaa watu wanaopumua, lenzi zitafunikwa mvuke papo hapo. Hilo ni la kawaida, litaondoka. Iache kwenye begi lililofungwa ipate joto polepole, usianze kuisugua. Ukiona ukungu umekaa katikati, nyuma ya kioo, na kitambaa hakiufikii, maji yameingia.

Hatari inayofuata ni kuvu. Mwalimu mmoja wa Rungwe alinipa yake niitazame: kwenye lenzi kulikuwa na nyuzi nyeupe kama mizizi ya mche mdogo, zimetambaa kutoka ukingoni. Alikuwa ameihifadhi miaka kwenye mfuko wake wa ngozi, kabatini, akidhani anaitunza. Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa iliyosimama. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na itoe mara kwa mara ipate hewa. Kuvu ikishakula utando wa lenzi, hata ikisafishwa alama inabaki.

Na vumbi la Ruaha?

Kutoka Iringa hadi Msembe ni kama kilomita 130, na ukifika utakuta vumbi limeingia hadi kwenye meno. Kosa kubwa ni kufuta lenzi kwa kanga au pindo la shati. Vumbi ni mchanga, na mchanga unakwaruza. Puliza kwanza, kwa kile kipulizio cha mpira, siyo kwa mdomo wenye mate. Kisha brashi laini. Kitambaa cha kufutia miwani kije mwisho, chenye unyevu kidogo, kwa mviringo mwepesi kutoka katikati kwenda nje. Usiache darubini juu ya dashibodi: joto la mchana linalegeza gundi na mafuta ya ndani.

Kabla hujalaumu darubini kwamba haioni mbali, angalia saa. Kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi Oktoba, mazigazi yanapanda juu ya ardhi na kila kitu cha mbali kinayumba kama kipo chini ya maji. Hakuna lenzi inayoponya hilo. Rudi saa kumi jioni.

Ninunue ya mtumba?

Ndiyo, tena kwa moyo mweupe, kama imepita majaribio ya mlangoni niliyoyaeleza na ukaimulika ndani kwa tochi ya simu usione kuvu wala vumbi jingi. Darubini nzuri ya miaka 20 inaishinda mpya ya ovyo. Ila za bomba lililonyooka zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1988 hazina ule utando wa ndani unaonyoosha mawimbi ya mwanga, ambao Zeiss waliuleta mwaka 1988, hivyo picha yake huwa laini kuliko unavyotarajia.

Darubini kubwa ya jicho moja ya kuweka kwenye stendi inahitajika?

Kwa wanaohesabu ndege wa majini Usangu, ndiyo. Kwa mgeni wa siku tatu, hapana.

Watoto waanze na ipi?

8x32 au 7x35 nyepesi, yenye mabomba yanayokunjwa vya kutosha kufika macho yaliyo karibu karibu. Fundisha jambo moja kabla ya yote: kutazama jua kupitia darubini kunaharibu jicho kabisa, mara moja tu inatosha. Simama nao hadi warudie kwa midomo yao.

Je, kweli nitamwona kipunji?

Ukienda na mtu wa pale, na ukikubali kukaa kimya. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina la kima huyu wa msituni muda mrefu kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Alitangazwa kisayansi 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipomwona nilikuwa na mzee wa kijiji cha jirani aliyetuongoza. Yeye alikuwa akiwasikia tangu utoto, ule mlio wao mzito kama wa kubweka na kukohoa pamoja, na alikuwa amewaona kama vivuli tu juu ya miti. Tulipolikuta kundi nilimvika darubini shingoni, nikamwambia, "Mzee, tazama pale panapotikisika." Alikaa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akasema, polepole, kwamba ana nywele zimesimama kichwani, na ncha ya mkia ni nyeupe. Dakika ishirini hakunirudishia. Alipoivua alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaendelea kutazama kule kule kwa macho matupu.

Nikishaipata, nianze kujizoeza wapi?

Kwako, kabla ya safari. Kitazame kitu kwa macho, usiyaondoe, kisha uinue darubini hadi ikute macho yaliko. Wengi wanafanya kinyume: wanatazama darubini, halafu wanamtafuta ndege. Mimi nawapeleka wanafunzi kwenye jiwe la Gangilonga saa kumi na moja jioni, mji wote ukiwa chini yetu na mbayuwayu wakizunguka. Ukiweza kumchagua mmoja ukamfuata kutoka kwenye mapaa hadi bondeni bila kumpoteza, njoo tupange siku ya Ruaha.